Malazi Mia Moja na Sita

Nje ya lango la shule ya msingi, mkabala na duka la madaftari, kuna benchi la saruji ambalo kwa karibu miaka mitatu halikuwahi kukosa mtu saa nane na nusu mchana. Siku hizi liko tupu. Kina mama wanaokuja kuchukua watoto husimama kando yake na mifuko yao, lakini hakuna anayekaa, kama watu wanaoheshimu kiti cha mtu aliyetoka mara moja tu. Mlinzi wa lango, mzee aliyevaa koti kubwa kuliko mwili wake, zamani alikuwa na mtu wa kubishana naye kila siku kama mvua itanyesha au haitanyesha. Sasa hubishana na redio. Ukimuuliza yule bwana aliyekuwa akikaa pale alikwenda wapi, atakujibu, "Dobi? Dobi alipandishwa cheo. Serikali ilimtambua kuwa ni baba." Kisha atacheka kidogo, peke yake.

Dobi hakuwa na kibanda wala kamba ya nguo barabarani. Alikuwa dobi wa hospitali, zamu ya usiku, katika chumba cha kufulia kilicho chini ya wodi, ambacho madirisha yake yako karibu na dari, na anayechungula huona viatu vya wapita njia tu. Kwa miaka kumi na miwili aliingia humo saa mbili usiku na kutoka saa kumi na mbili asubuhi. Mashuka yaliteremka kwa toroli, yamefungwa mafundo kufuata wodi yalikotoka. La mama aliyejifungua na la mzee aliyekata roho yalichemka ndani ya pipa moja, yakatoka meupe yasijue lolote. Dobi alilipenda hilo. Alisema hakuna mahali pengine hospitalini ambapo watu huwa sawa.

Kukunja shuka ni kazi ya watu wawili. Kila aliyewahi kuifanya anajua. Lakini mwenzake wa zamu alistaafu na nafasi yake haikujazwa, basi Dobi akabuni njia yake. Alipigilia kulabu mbili ukutani, akaning'iniza pembe mbili za shuka, akashika mbili zilizobaki, akarudi nyuma hadi shuka likanyooka, kisha akatembea kuuendea ukuta kama mtu anayekwenda kumpa mkono mwenyeji wake. Hatua saba kwenda, saba kurudi. Asubuhi mashuka mia mbili yalikuwa yamepangwa juu ya meza, na wagonjwa ambao hakuwahi kuwaona walitandikiwa.

Mkewe aliuza katika duka la dawa, mchana. Ndoa yao haikuvunjwa na kofi wala mtu wa tatu. Ilifia mlangoni, mmoja akiingia na mwingine akitoka, hadi siku moja wakagundua kwamba wamepishana mwaka mzima. Walipoachana, binti yao alikuwa na miaka mitatu. Mama alihamia chumba na sebule mtaa wa pili kutoka hapo, Dobi akabaki katika chumba kimoja ghorofa ya tatu, na Ofisi ya Matunzo ya Watoto ikayapanga mengine: kila mwezi makato yalitoka kwenye mshahara wake kabla haujamfikia mkononi, yakaenda kwa mama. Dobi hakunung'unika. Mtoto lazima ale, alisema, na hilo halihitaji hakimu.

Binti aliitwa Kasuku na mtaa mzima. Alianza kusema mapema, na tangu aanze hakuwa amenyamaza. Kila siku ya shule Dobi alilala kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba, akaamka, akapika, akanawa, na saa nane na nusu akawa kwenye benchi. Kasuku alitoka langoni akiwa tayari katikati ya habari. "... basi akakimeza," angeanza, na Dobi angelazimika kuuliza nani kameza nini, na kumbe ni mtoto wa dawati la mbele, na kilichomezwa ni kifungo cha shati, na mwalimu wa hesabu karibu azimie. Habari hiyo ingewafikisha hadi ghorofa ya tatu. Walikula, wakaandika kazi za shule, akamwogesha, akamsuka nywele vibaya na akacheka naye. Siku alizofua mashuka yake mwenyewe, Kasuku alishika pembe mbili.

"Vuta," Dobi angesema. "Usivutwe."

"Wewe ndiye unayevutwa, baba."

Saa kumi na mbili na robo mama aligonga mlango, akamchukua, na Dobi akavaa koti la kazi. Hivyo ndivyo walivyomlea. Hakuna aliyeyaandika mambo hayo mahali popote, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba yanahitaji kuandikwa.

Kisha Kasuku akajua kusoma.

Alikuwa na miaka saba, na alisoma kila kilichoandikwa, kwa sauti: vibao, viroba, maonyo kwenye nguzo za umeme. Alasiri moja akaiona barua ya Ofisi ya Matunzo mezani, ile inayokuja mara moja kwa mwaka. Dobi alizoea kusoma namba za chini tu, kisha kuiweka barua kwenye droo ya vijiko. Kasuku akaanzia juu.

"Mzazi mlezi, mama," alisoma, kidole kikifuata mstari. "Mzazi a-si-ye-le-a, baba. Malazi kwa baba, sifuri." Akainua uso. "Baba, asiyelea ni nini?"

"Ni mtu asiyemlea mtoto."

"Wameandika jina lako."

"Nimeona."

Kasuku aliigeuza karatasi kutazama nyuma, kama aliyetumaini kwamba maelezo yako huko. Nyuma hapakuwa na kitu.

"Wamekosea," alisema. "Kawaambie. Mwalimu akikosea ubaoni tunamwambia, anafuta."

"Nitawaambia."

"Lini?"

"Wiki ijayo."

"Wiki ijayo Jumatatu au wiki ijayo ya watu wazima?"

"Jumatatu," alisema Dobi, na kwa kuwa alikuwa hajawahi kumdanganya, Jumatatu hakulala. Alitoka kazini akaenda moja kwa moja ofisini, na harufu ya sabuni ya hospitali mwilini.

Ofisi ilikuwa ukumbi mrefu wenye viti vya chuma vilivyofungwa sakafuni kwa nati, kana kwamba kuna mtu angetamani kuviiba. Alipewa kikaratasi cha namba sitini na moja. Ubao wa mbele ulikuwa kwenye kumi na tisa. Mwanamume mwenye kofia aliyekaa kando yake alimtazama miguuni hadi kichwani, akasema, "Mara ya kwanza?"

"Mara ya kwanza."

"Zoea, ndugu yangu. Hapa unaingia baba, unatoka namba."

Afisa aliyempokea alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuwa akinywa maji ya moto kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Macho yake yalikuwa yamechoka, lakini hayakuwa na ubaya.

"Unalalamikia kiwango, baba?"

"Hapana. Kiwango ni halali. Nalalamikia neno."

Afisa aliweka kifuniko chini. Katika kazi yake, huenda hakuwa amesikia jambo hilo mara nyingi. Dobi alimwonyesha mstari, akamweleza alasiri zake: benchi, chakula, hesabu za kujumlisha, kuoga, nywele. Alieleza polepole, kwa sababu hakuwahi kuyasema kwa mpangilio, na alipoyasikia yakitoka kinywani mwake yalionekana kwake madogo.

"Na usiku analala wapi?"

"Kwa mama yake. Mimi nafanya kazi usiku."

"Basi fundo liko hapo," alisema afisa. "Sisi tunahesabu malazi. Usiku mmoja mtoto akilala chini ya paa lako, tunauita malazi moja. Mwenye mengi ndiye mlezi."

"Mchana si kulea?"

"Nisikilize, baba yangu. Zamani tulihesabu mchana. Wakaja kina baba na risiti ya aiskrimu. Amemchukua mtoto saa nne, amemrudisha saa sita amejaa sukari, anataka tuandike amelea siku nzima. Na kina mama wengine wakakataa hata siku za kweli. Kila faili likawa vita. Usiku hauna ubishi. Mtoto analala kitanda kimoja tu kila usiku, huwezi kumkata vipande."

Dobi alitafuta pa kuipinga hoja hiyo, hakupaona. Hilo ndilo lililomuuma. Angekuwa amekutana na mtu mjinga au mkatili, angerudi nyumbani na hasira, na hasira huwa inampa mtu joto kidogo.

"Kwa hiyo mimi ni nani?" aliuliza.

"Hapa, wewe ni safu ya pili." Afisa alisema hivyo kwa upole. "Mizani haipimi kisichowekwa juu yake. Niletee malazi mia moja na nne kwa mwaka mmoja, yaani siku mbili kila wiki, mama asaini, na nitakuandika mlezi mwenza. Mimi mwenyewe nitalifuta hilo neno."

Alitembea kurudi nyumbani akiirudia hesabu hiyo. Alikuwa amefua mashuka ya watu wengi kiasi gani wapate kulala, na sasa alitakiwa kuonyesha usingizi wa mtu mmoja.

Jioni hiyo, mama yake Kasuku alipogonga mlango, Dobi alimwomba akae. Hakuwa na desturi ya kukaa. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba magotini.

"Unataka makato yapungue, Baba Kasuku. Sema tu."

"Sitaki hata senti. Nataka wafute walichoandika."

"Na ukishapata siku zako mbili, unafikiri utakuwa umeujua usiku?" Hakuongea kwa ukali. "Wewe unampata mtoto akiwa na maneno. Mimi nampata akiwa na usingizi. Homa huja usiku. Jino huuma usiku. Ndoto mbaya hazijui saa nane mchana. Wakati wewe unachemsha mashuka ya watu, mimi ndiye ninayebadilisha la mwanao."

"Ndiyo maana nataka nibebe na mimi."

Kasuku alikuwa ameinama juu ya daftari lake, akiandika mstari uleule mara ya pili. Mama alimtazama mtoto, akatazama karatasi, akatazama sufuria zilizooshwa zikafunikwa. Alikuwa mtu wa haki. Hata alipokuwa mke mwenye kuudhika alikuwa mtu wa haki.

"Ijumaa na Jumamosi," alisema hatimaye. "Na alasiri je? Ukihamia zamu ya mchana, nani atakuwa langoni?"

"Shule ina masomo ya ziada hadi jioni. Ni mwaka mmoja tu. Nikipata karatasi, nitarudi usiku."

"Na karatasi nayo haitarudi ilikokuwa?"

"Tutaona," alisema Dobi.

Hapo ndipo alipokosea, na yeye mwenyewe hakatai. Alidhani alasiri ni mali aliyonayo kabatini, ambayo mtu anaweza kuifungia mwaka mmoja na kuikuta.

Msimamizi wa chumba cha kufulia, mwanamke mnene aliyefanya kazi humo tangu mashine zikiwa za mkono, aliitwa Mama Mvuke. Dobi alipomwomba zamu ya mchana, alivua miwani ili amwone vizuri.

"Watu wananililia wapate mchana, wewe hujawahi kuuliza hata kwa mzaha. Umeoa?"

"Ni kwa ajili ya mtoto, mama."

"Mtoto anatoka shule mchana, wewe unakuja kujifungia huku mchana. Nifafanulie, maana nimezeeka."

Alimfafanulia. Mama Mvuke alisikiliza hadi mwisho, akafuta miwani kwa pindo la aproni.

"Sawa. Lakini usiku wako nampa mtu mwingine, na nikishampa nimempa. Hiki si kiti cha kinyozi, uweke gazeti juu yake uende ukanywe maji."

Ndivyo ulivyoanza mwaka wa kuhesabu. Kila Ijumaa saa kumi na mbili jioni Dobi alimfuata Kasuku kwa mama yake, begi dogo mgongoni. Walikula. Alimsomea, au Kasuku alimsomea yeye, na saa mbili na nusu mtoto alikuwa amekwisha lala, kwa kuwa wiki nzima ya shule na masomo ya ziada ilikuwa imemkamua. Jumamosi asubuhi Dobi alimrudisha kabla ya kwenda kazini, jioni akamchukua tena, na tena akalala. Ofisi ilikuwa imetoa daftari jembamba la kijani: tarehe, saa ya kulala, saa ya kuamka, saini ya baba, saini ya mama. Katika nafasi ya maelezo Dobi aliandika kila mara maneno mawili, *Amelala salama*, na ilikuwa kweli, na ndiyo habari pekee aliyokuwa nayo.

Hakuwa amejua kwamba mtoto aliyelala yuko mbali kiasi hicho. Alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, taa imefunikwa kwa kitambaa, akisikiliza pumzi zikipanda na kushuka. Alikuwa na malazi. Kila usiku alikuwa na moja zaidi.

Mwezi wa tano Kasuku alipata homa, na Dobi akakesha na kitambaa na bakuli la maji hadi alfajiri, akihesabu dakika kati ya dawa na dawa. Mtoto alimwita mama yake mara tatu. Asubuhi, alipomkabidhi mlangoni, alimwambia mama, "Pole."

"Pole ya nini? Wewe ndiye uliyekesha."

"Ya miaka yote ile."

Mama alipokea begi la mtoto. "Karibu," alisema, wakacheka wote wawili, cheko fupi la watu wanaojuana. Katika miaka yote tangu waachane, huenda hawakuwa wamekaribiana kama dakika ile. Halafu mlango ukafungwa, na yeye akawahi kazini.

Zamu ya mchana walikuwa watu sita. Walikunja mashuka wawili wawili, wakipiga soga za waume na mikopo na timu za mpira, na kulabu zake mbili zilining'inizwa makoti. Alifanya kazi na watu kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na hakuwahi kujiona mpweke kama hapo. Ilipofika saa nane na nusu mikono yake ililegea yenyewe. Mwenzake wa upande wa pili angesema, "Dobi, shika, unaliburuza," naye angeshika.

Kilichopotea hakikupotea kwa kishindo. Habari za mtoto ni kama shuka linalotoka kwenye mashine: usipozikunja zikiwa bado na joto, zikipoa zimejikunja zenyewe, na hapo hata pasi haisaidii. Ijumaa alimuuliza, "Shule ilikuwaje wiki hii?"

"Nzuri."

"Nzuri vipi?"

"Nzuri tu, baba."

Siku moja aliona pengo mdomoni mwake, jino la mbele halipo.

"Lilitoka lini?"

"Jumanne." Kasuku alifikiri. "Sio Jumanne hii."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilishamwambia mwalimu wa masomo ya ziada. Alicheka sana." Hakusema kwa kumkomoa. Habari husimuliwa mara moja, anayekuwepo ndiye anayeipata, na mtoto hawezi kubeba jambo la Jumanne hadi Ijumaa kwa ajili ya mtu mzima anayelihitaji.

Mwaka ulipotimia, daftari la kijani lilikuwa na malazi mia moja na sita. Dobi alivaa shati alilolipiga pasi mwenyewe, na shati alilopiga pasi yeye lilinyooka kweli, akaenda ofisini. Afisa alimkumbuka. Alihesabu mistari kwa ncha ya kalamu, akahesabu tena, akaandika kwenye mashine, na karatasi ikatoka kwenye printa ya ukutani kwa mlio.

"Mzazi mlezi mwenza," alisoma kwa sauti, na kwa kweli alitabasamu. "Nilikuambia nitalifuta."

"Ahsante, mama." Dobi aliipokea kwa mikono miwili. Kisha macho yake, kwa mazoea, yakaenda chini. "Na hii hapa?"

"Makato mapya. Yameshuka karibu theluthi."

"Sikuomba yashuke."

"Haiombwi. Malazi yakipanda, makato yanashuka, jedwali linapiga hesabu lenyewe. Ndiyo haki, baba. Sasa na wewe unamlisha siku mbili."

"Na zile alasiri, nilipokuwa namlisha siku tano?"

Afisa alilifunga daftari la kijani. "Zile hazikuwa juu ya mizani," alisema.

"Naweza kukataa?"

"Unaweza kumpa mama yake mkononi. Lakini zawadi hatuiandiki."

Ijumaa hiyo alimwekea Kasuku karatasi mezani, mahali palepale. Alikuwa na miaka minane na miezi, na hakusoma tena kwa sauti. Macho yake yalishuka mistari kimya kimya, yakafika chini.

"Vizuri," alisema, akauliza kama kuna maji ya baridi.

"Umeona wamefuta?"

"Wamefuta nini?"

"Lile neno. Uliniambia nikawaambie."

"Mimi?" Kasuku alimtazama kwa udadisi wa kweli, kichwa upande, akijitahidi kwa ajili yake. "Sikumbuki, baba."

Dobi akamletea maji.

Mwezi uliofuata alimpelekea mama bahasha yenye pesa zote zilizopungua kwenye makato, kamili. Mama aliitazama bila kuigusa.

"Najua una moyo," alisema. "Lakini moyo si karatasi. Siku ukiugua, siku ukipata mwenzako akakuuliza bahasha hii inakwenda wapi, mkono utafunga. Nitakwenda ofisini niseme nini? Kwamba mkono wa Baba Kasuku umefunga?"

"Hautafunga."

"Mimi siwezi kupanga nyumba kwa hautafunga."

Nyumba ndiyo iliyokuwa jambo lenyewe. Kodi ya chumba na sebule karibu na shule ilisimama juu ya ile theluthi ya makato. Duka la dawa lilikuwa na tawi katika mji mwingine, mwendo wa saa tano kwa basi, na juu ya tawi kulikuwa na makazi ya mfanyakazi yasiyolipiwa kodi. Wenye duka walikuwa wamempa hiyo nafasi mara mbili, na mara mbili alikuwa amekataa kwa sababu ya alasiri za Dobi; safari hii alikubali.

"Sihami kwa hasira," alisema. "Nataka ulijue hilo."

Dobi alilijua. Alirudi ofisini, akachukua namba, akangoja, akamuuliza afisa kama anaweza kurejeshwa alipokuwa, makato yapande, waandike neno lolote wanalotaka. Afisa alishika paji la uso.

"Haiwezekani mpaka malazi yapungue kwanza. Tutapima mwaka ujao." Kisha akafungua droo, akatoa fomu. "Lakini sasa wewe ni mlezi mwenza. Una haki ambayo hukuwa nayo. Mama hawezi kumhamisha mtoto ukiweka pingamizi ndani ya siku thelathini."

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Dobi alikaa nayo siku ishirini na nane. Ilihitaji tarehe, saini na sababu, na sababu alikuwa nayo. Lakini kila alipoishika kalamu aliona upande wa pili wa shuka: mwanamke ambaye angezuiwa asihame nyumba asiyoweza kuilipia, na aliyeifanya isilipike ni Dobi mwenyewe. Ilikuwa haki yake. Hakuna aliyemlazimisha kuiacha. Aliikunja mara nne akaitia kwenye droo ya vijiko, na siku ya thelathini na moja akaenda kituoni kubeba mizigo.

Kasuku aliketi dirishani. Alikuwa ameanza kumsimulia jambo kuhusu dereva, jambo la kuchekesha, kuhusu kofia yake, na Dobi alisimama chini akisikiliza kwa makini, mkono juu ya bati lenye joto. Basi lilianza kuondoka kabla hajafika katikati. Alitembea kando yake hatua chache, midomo ya mtoto ikiendelea nyuma ya kioo, kisha hakuweza kutembea upesi kiasi hicho.

Alimwomba Mama Mvuke zamu ya usiku. Mama Mvuke alimwambia angojee mtu afe au astaafu, na kwamba kijana aliyeichukua ana miaka ishirini na sita na afya njema.

Kasuku huja likizo mbili kwa mwaka, siku kumi kila moja. Dobi bado anaishi ghorofa ya tatu, na bado yuko zamu ya mchana katika chumba cha kufulia cha hospitali, saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Siku hizi mapumziko yake ni Jumanne, siku ambayo Kasuku yuko shuleni, mwendo wa saa tano kwa basi.